Mistari Minne Aliyoniachia Mama Sabuni

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi askari wenzangu wa zimamoto, mliokuja na sare na mliokuja bila sare, naomba mliosimama nyuma msogee kidogo, maana sauti yangu leo si ile ya kuamrisha zamu. Mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa kwa mama yetu, na familia imenituma nisome historia ya maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sabuni, naye akaitika, ingawa jina hilo lilianza kama kejeli.

Kabla sijaanza, mjue kwamba sehemu kubwa ya historia hii ameiandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye daftari la shule la kurasa arobaini, mwezi wa Desemba alipokuwa amelazwa, kwa sababu hakuwahi kuniamini na ripoti, na zangu alizirudisha na kalamu nyekundu hata nilipokuwa nimeshapata cheo. Ameandika tarehe zote, ameandika mahali pote, lakini katika ukurasa wa tisa ameruka mistari minne, akaiacha mitupu, na pembeni akaandika, "Hapa ajaze Kitinda." Kitinda ni mimi, ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mgongoni mwake, na ndivyo alivyoniita mbele ya watu wa zamu yangu, nikiwa na cheo changu begani, nyinyi mkageukia ukutani kucheka. Mistari hiyo nitaifikia, na nikiifikia naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1972, saa moja asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile ambako mama yetu alikuwa dobi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa dobi huyo na mlinzi wa kinu cha unga. Tulikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu, ukuta mmoja na mashine, vyombo vikitetemeka kabatini mchana kutwa, na mama alikuwa na mabeseni matatu uani, la nguo zake za kazi, la nguo za wakubwa na la nguo za watoto, na ole wako uchanganye. Dada, ambaye tangu ana miaka saba ndiye aliyeteka maji ya kuyajaza mabeseni hayo, alituambia ukubwani kwamba yote aliyokuja kuyasomea kwa wiki nane darasani, mama alikuwa ameshamfundisha uani, tena kwa makofi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1980 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1986, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1987 hadi 1990, ambako alirusha mkuki na alikuwa kiranja wa usafi, jambo ambalo naona halimshangazi mtu hapa. Baba yetu alipofariki tarehe 2 Mei 1991, dada alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu, hakwenda, alibaki nyumbani na mimi niliyekuwa na miaka saba, ili mama aendelee na kazi, akanipeleka shule, akanikagua kucha, akanisainia madaftari kama mzazi. Mwaka uliofuata nilifeli hesabu, nikaghushi saini yake kwenye karatasi ya mtihani nikidhani nimepatia kweli, naye hakunichapa, alinikalisha mezani nikaandika jina langu mwenyewe mara mia mbili, mpaka vidole vikafa ganzi. Nalitaja jambo hili kwa sababu yeye amelitaja, na halikuingia kwenye daftari kwa bahati mbaya.

Tarehe 3 Februari 1993 alijiunga na kikosi cha zimamoto, baada ya kuona tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa posta alikokwenda kununua stempu, akasoma mafunzo ya miezi sita akiwa mmoja wa wanawake wanne kati ya watu sitini. Wakufunzi waliwapa wanawake wale mpira wa maji mzito kuliko wote waupandishe ngazi ghorofa mbili, wakakaa chini kungoja kicheko, dada akaupandisha, akashuka, akauliza kama kuna mwingine. Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo alipangiwa kituo cha karibu na soko kuu, na huko alifanya kazi kwenye magari kwa zaidi ya miaka kumi na saba, akiwa mshika mpira, kisha mtumia kifaa cha kupumulia, kisha kiongozi wa gari.

Ndoa yake ilitokana na maji. Mwaka 1996 duka la vitambaa liliungua, na dada, ili moto usiruke, aliuelekeza mpira kwenye duka la jirani, mali ya fundi umeme mmoja mpole, akazamisha redio kumi na saba za wateja, na fundi huyo akaja kituoni kulalamika mara tatu ndani ya wiki moja, mara ya tatu akiwa amenyoa ndevu na amesahau kabisa kuzitaja redio. Ndiye huyu shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1997, na kwa miaka ishirini na sita hajawahi kukubali kwamba redio zile zingeungua. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1999, ambaye sasa ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 2003, anayesomea ufundi wa magari.

Hapa dada ameandika jambo ambalo nalisoma kama lilivyo. Ameandika kwamba miaka ile alirudi nyumbani na koti lake la kazi, likiwa na masizi, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba alicholala na watoto, na kwamba binti alipokuwa mchanga hakukubali kulala mpaka alazwe juu ya koti hilo, kwa kuwa lilikuwa na harufu ya mama, naye akafurahi, akawaambia na wenzake. "Sikujua," ameandika, na chini ya neno hilo amepiga mistari miwili. Mpwa wangu, mama yako alilibeba jambo hilo maisha yake yote, na wewe mzima wa afya hivyo ulivyo ndiwe uliyekuwa faraja yake.

Mimi niliingia kikosini mwaka 2004, nikimfuata yeye, tukawa zamu moja, na Jumamosi tarehe 21 Oktoba 2006 liliungua ghala la magodoro, tukapambana nalo kwa muda wa saa sita, na miali ilipokufa tulivua barakoa zetu, tukaketi mlemle ndani juu ya mabaki yanayofuka, tukaletewa chai na mkate, tukala kwa mikono myeusi, huku tukicheka kama watu waliotoka harusini. Ipo picha ya siku hiyo, mnaijua, watu wanane, dada yuko katikati na meno tu ndiyo meupe. Koti alilovaa siku hiyo liliwekwa kwenye kabati la vioo pale kituoni bila kufuliwa, likaitwa koti la heshima, kwa kuwa kwetu sisi koti jeusi lilikuwa ndilo cheti, na askari mwenye koti safi tulimwita karani.

Tarehe 6 Septemba 2010 alipelekwa kwenye kozi ya wiki nane ya afya na usalama wa askari wa zimamoto, akarudi mtu mwingine, na kuanzia Januari 2011 akawa mkufunzi wa somo hilo kwa vituo vyote. Alifundisha kwamba moto ukizimika hatari haijazimika, kwamba moshi usiouona ndio unaoingia, kwamba barakoa haivuliwi mpaka mtu ametoka nje kabisa, kwamba koti linapigwa brashi na maji palepale kabla hujapanda garini, na haliendi nyumbani, haliendi, hata kama siku hiyo ni sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wako. Alifundisha kwamba askari aoge ndani ya saa moja, apimwe kila mwaka, alale, na akiona jambo lililomtisha aliseme kwa mtu. Na mtu mkaidi alikuwa na dawa yake, alikata mashuka ya zamani aliyoachiwa na mama kuwa vitambaa vyeupe, akaja kwenye tukio, akaloweka kimoja, akakufuta shingoni bila kukuomba ruhusa, kisha akakionyesha kwa wote, kimegeuka cheusi, akakitundika ubaoni na kuandika saa na tarehe. Picha ya ghala la magodoro aliipeleka darasani, akawataka wanafunzi wazungushie kalamu kila kosa, na kila mara picha ilirudi imejaa miduara mpaka nyuso hazionekani. Watu wawili wa picha ile tulishawazika kabla yake, naye hakusema darasani ni kwa nini, alisema yeye si daktari, aliacha tu picha ipite mkono kwa mkono.

Tulimcheka. Tulimwita Mama Sabuni, tulimwekea vipande vya sabuni kwenye mkoba wake, na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nilicheka kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu niliogopa nitaonekana nabebwa na dada. Mara tatu alimwandikia uongozi koti lile litolewe kabatini lifuliwe, na mara zote tatu sisi wenyewe wa kituo ndio tuliokataa.

Sasa nimefika ukurasa wa tisa.

Mwaka 2016 nilikuwa nimefanywa kiongozi wa zamu. Zamu yangu ilipaswa kuwa na watu kumi na wanane, tulikuwa kumi na mmoja, na mwezi wa Mei 2022, yalipotangazwa mafunzo ya lazima ya siku tatu chini ya dada, yakifundishwa na wasaidizi wake, kila zamu na daftari lake la mahudhurio, mmoja wetu, yule tunayemwita Mzee wa Ngazi, alikuwa amelazwa na mguu kwenye plasta. Tulibaki kumi, magari mawili, kila gari watu watano, na nikimtoa hata mtu mmoja kwenda darasani gari moja halitoki. Ningeweza kuandika barua kwamba haiwezekani, watu hawatoshi, lakini nilishaandika barua za namna hiyo nne, na kiongozi anayeandika ya tano huonekana ameshindwa kazi. Basi nilichukua daftari la mahudhurio, nikakaa ofisini, nikawasainia watu wangu wote siku zote tatu, kwa kalamu tatu tofauti ili ifanane na kweli, na kwa haraka yangu nikamsainia hata Mzee wa Ngazi.

Dada alipokea daftari lile Ijumaa, na siku ya Alhamisi alikuwa ametoka kumpelekea mgonjwa huyohuyo machungwa. Alinipigia simu, sauti yake shwari kabisa, akaniuliza, "Kitinda, mtu wangu wa plasta alikalia kiti gani?" Angeweza kunishitaki, na ilikuwa haki yake, lakini alichofanya ni kuchukua likizo yake mwenyewe, na Jumatano tatu za mwezi wa Juni, tarehe 8, tarehe 15 na tarehe 22, alikuja kituoni kwetu na ubao wake kwenye teksi, akatufundisha uani kando ya magari, buti zikiwa miguuni, ili tukiitwa tutoke. Jumatano ya pili king'ora kililia katikati ya somo, tukamwacha amesimama peke yake na chaki mkononi, na tuliporudi saa tatu baadaye alikuwa bado yupo, ameshaandaa ndoo na brashi. Nilimwambia dada, likizo ni ya kupumzika, akanijibu, "Likizo ni yangu, wewe fungua geti."

Juzi Jumatatu shemeji alinikabidhi daftari hili, nikafungua ukurasa wa tisa, na juu ya mistari ile minne nikakuta kadi ya miadi ya hospitali imebanwa na pini. Dada alikuwa ameanza kuona damu kwenye mkojo mwezi wa Aprili, hakumwambia mtu, alikwenda kwa daktari, akapangiwa kipimo siku ya Jumatano tarehe 8 Juni 2022, saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi ya siku hiyo alikuwa uani kwetu anatuonyesha jinsi ya kufunga kola. Tarehe hiyo kwenye kadi imekatwa kwa mstari, na mwandiko wa karani wa hospitali umeandika nyingine, Alhamisi tarehe 13 Oktoba 2022, maana foleni ya kipimo kile ni ndefu na aliyekosa zamu yake hurudi nyuma. Ni miezi minne na siku tano. Nimemuuliza daktari wake, jana, kama miezi ile ingebadilisha jambo, akaniangalia kwa huruma, akasema hawezi kujua, na mimi nitaishi na jibu hilo.

Chini ya kadi dada ameandika maneno mengine, madogo, "Ujaze kweli, usijaze kama lile daftari." Nimeijaza mistari hiyo usiku wa kuamkia leo, na naisoma mbele yenu, mbele ya mkuu wa kikosi aliyeketi pale na anayenisikia:

"Mafunzo ya Mei 2022 zamu yangu haikuhudhuria.
Saini zote thelathini na tatu niliziweka mimi.
Dada alikuja kulipa kosa langu siku aliyotakiwa kupimwa.
Sikumwambia samahani akiwa hai."

Mistari imejaa, nafasi nyingine hakuniachia.

Kipimo cha Oktoba kilionyesha saratani ya kibofu cha mkojo, alifanyiwa upasuaji tarehe 19 Januari 2023, akaanza matibabu ya dawa, na katikati ya matibabu hayo aliendelea kufundisha, akiwa amekaa kwenye kiti, kofia ya sufu kichwani, akiwauliza wanafunzi mara ya mwisho walipimwa lini. Hakuwahi kusema kwamba kazi ndiyo iliyomuua, na mimi sitasema, lakini hakuwahi pia kukataa kuulizwa. Mwezi wa Desemba 2023 alilazwa tena, na hakurudi nyumbani isipokuwa siku nne za mwisho wa mwaka.

Jumamosi tarehe 17 Februari nilikwenda wodini nikiwa nimejipanga, nimeshayapanga maneno njiani, nimwombe radhi ya daftari la mahudhurio, basi, nitue mzigo. Nilifika, nikakaa, nikaongea habari za matairi ya gari namba mbili. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kazini, na dada, ambaye kuinua kikombe ilikuwa shida, alichukua kitambaa kilichokuwa kwenye bakuli la maji kando ya kitanda, akaninyooshea, nikainama kama mtoto, akanifuta nyuma ya sikio, akakitazama, akanionyesha. Kilikuwa cheusi. "Hata leo," akasema, na akacheka kidogo, na mimi nikacheka, nikaaga, nikaenda. Jumapili tarehe 18 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika wodi namba tano, mumewe na watoto wake wote wawili wakiwepo, dada yetu alifariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, miezi sita na siku tisa, na utumishi wa miaka thelathini na moja.

Kuna waliouliza tangu asubuhi kuhusu koti lililo juu ya jeneza. Wenzetu wa kituo walilileta Jumatatu, ni lile koti la heshima, walilitoa kabatini lilivyo na masizi yake yote ya miaka kumi na saba, na nia yao ilikuwa njema. Jana mimi na mpwa wangu muuguzi tulivaa glavu na barakoa, tukalifua uani, beseni la peke yake, maji ya kwanza yakatoka meusi, ya pili meusi, ya tano ndiyo yaliyoanza kuonyesha mkono. Baadhi yenu mmenuna, mnasema tumefuta historia, na ningekuwa mimi wa mwaka jana ningenuna pamoja nanyi. Hivyo ndivyo ilivyo rangi yake, ni la njano, tulikuwa tumesahau.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, waliovumilia mgonjwa aliyewahesabia sekunde wanaponawa mikono, inawashukuru majirani waliopika, waliofagia na waliolala na shemeji sebuleni ili asiwe peke yake, inawashukuru askari wa vituo vyote, na kwa namna ya pekee Mzee wa Ngazi, ambaye amebeba jeneza leo kwa mguu uleule. Mkuu wa kikosi, daftari lile la mahudhurio lenye saini zangu liko kwenye bahasha mkononi mwa shemeji, nitalipokea lolote litakalofuata.

Jumatatu ijayo tarehe 26, saa mbili asubuhi, darasa la dada litafunguliwa kama alivyolipanga kwenye ratiba, mkufunzi akiwa mmoja wa wanafunzi wake. Nimeomba kwa maandishi gari letu moja lisimame siku hiyo ili watu wangu wahudhurie, ni barua yangu ya tano, na ikikataliwa nitaandika ya sita, na kwenye daftari nitaandika kwamba hawakuwepo. Mimi nitakuwepo, kiti cha mbele, na nitasaini jina moja tu, lile nililoliandika mara mia mbili mezani kwako.

Samahani, dada. Koti limefuliwa, zamu yako imekwisha, nenda ukapumzike kwa amani.